Mwalimu Aliyetutuma Mombasa

Mtu wa Kibra aliyekuwa na safari ya Mombasa hakupanda treni kabla ya kupita barazani kwa Mwalimu. Alifika, akavua viatu, akaketi mkekani, na Mwalimu akaagiza sinia. Ilikuwa sinia ya shaba, kubwa, imebonyea upande mmoja. Aliiweka katikati ya mkeka na kusema, "Haya. Hiki ndicho kisiwa."

Kisha alianza kuujenga mji wake. Kijiko alikilaza ukingoni, hilo daraja la Nyali, linaloelea juu ya maji na kutikisika ukilikanyaga. "Usitazame chini. Mtazame aliye mbele yako, utavuka." Limau lilikuwa Ngomeni. "Siku hizi ni jela. Zungukeni nje, mtazame kuta, mwende zenu, walinzi hawapendi watu wa kusimama-simama." Kibiriti kilikuwa feri ya Likoni. Punje za pilipili manga alizimwaga mahali pa Marikiti, soko la viungo, na kila mara alitoa onyo lile lile kwamba usinunue kwa mwuzaji wa kwanza hata akikuita kwa jina la mama yako. Maji yakipwa, nenda ukatembee juu ya miamba, lakini uvae kitu miguuni kwa ajili ya fuma, wale wenye miiba. Yakianza kujaa, geuka, usingoje kuona mwenzako amegeuka. Asubuhi kula mahamri kwa mbaazi. Jioni tafuta muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili. Halua usinunue siku ya kuwasili. Nunua siku ya kuondoka, ifike Nairobi bado laini.

Alijua pia kupima safari kwa muda wa mtu. Mwenye siku saba alipewa sinia nzima, mwenye siku mbili nusu. Wakati wa vita vya pili walikuwa wakipita askari wanaopelekwa melini Kilindini, na mmoja wao alimwambia, "Mimi nina saa nne tu, Mwalimu." Nilikuwepo. Mwalimu aliifikiria sinia kwa muda, halafu akaondoa kila kitu, akabakiza kikombe kimoja. "Basi keti kwa mwuza kahawa, anayegonga vikombe pale karibu na stesheni. Kunywa vikombe vitatu. Tazama watu wakipita. Hayo mengine yatakusumbua bure." Yule askari alicheka, akampa mkono. Hatukumwona tena.

Yeye mwenyewe, miaka yote hiyo, hakuwahi kwenda.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alitufundisha sisi wasichana wa Makina, mtaa wetu wa Kibra, kusoma Kurani, hapo hapo barazani, baada ya kazi za asubuhi. Alikuwa mtu wa Pwani aliyeolewa na Mnubi, ombasha mstaafu aliyepewa kiwanja Kibra kama askari wengine wa zamani. Sisi nyumbani tulisema Kinubi, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini. Hilo lilimuumiza kama jino bovu. Ukisema "mti hii" alikuwa anapiga mkeka kwa kiganja. "Mti huu! Umekukosea nini?" Yeye mwenyewe njia aliita ndia, na macho aliita mato, na mtu akimcheka alisema Kiswahili hicho ndicho kilichozaa chetu, kwa hiyo tumheshimu mzazi.

Pombe ilikuwa adui yake mkubwa. Wanawake wengi wa Kibra walipika pombe kali ya Kinubi, na yeye hakuwaruhusu kukanyaga ngazi yake wakiwa na harufu. Lakini siku moja polisi walikuja kusaka, na jirani, mjane mwenye watoto wanne, alikimbia akibiringisha pipa hajui alipeleke wapi. Mwalimu alilitazama pipa, akamtazama mjane. Kisha akatuambia tuinuke. Pipa liliingizwa katika shimo la kuhifadhia mahindi lililokuwa pembeni mwa baraza, mikeka ikatandikwa juu, na sisi tukakalishwa juu ya mikeka. "Someni," akasema. "Kwa sauti." Polisi walipofika walikuta wasichana kumi na wawili wanasoma Yasini kwa kelele mpaka askari mmoja akavua kofia. Walipoondoka, Mwalimu alimrudishia mjane pipa lake bila kumtazama usoni, akafunga siku tatu mfululizo kuomba toba. Siku ya nne alianza tena kuwafukuza wapika pombe ngazini.

Alikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli, na si Mwislamu. Alikuwa mama wa Kikuyu kutoka Kawangware, mke wa mwenye shamba, aliyekuja na kapu la viazi vitamu na kabichi mgongoni, ukanda umembana paji la uso. Waligombana kila wiki. Waligombania ukubwa wa kabichi, kisha Nabii Isa, kisha kabichi tena. Wakishachoka walikunywa chai. Mara moja nilimsikia mama yule akisema, "Wewe siku moja utakuja kukaa kwangu, tugombane vizuri," na Mwalimu akajibu, "Kwako kuna baridi." Aliichukia baridi ya Nairobi. Mwezi wa saba alijifunga leso tatu na kusema mji uliojengwa mahali pa baridi namna hii haukujengwa na watu wenye akili.

Kwa nini hakwenda kwao, hatukuuliza. Mkubwa haulizwi. Tulidhani ombasha hamruhusu, au treni inamtisha. Sababu niliijua mimi peke yangu, na niliijua kwa kuambiwa na yeye.

Niliolewa baada ya vita kwisha. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na watu wa reli walipata pasi ya kusafiri wakiwa likizoni. Mwaka ule wa kwanza tukaamua kwenda Mombasa siku saba. Nilikwenda barazani kupewa sinia yangu. Nilipewa yote, daraja, feri, miamba, halua. Halafu watu walipoondoka Mwalimu alinishika mkono.

"Wewe ngoja."

Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na foronya mbili alizodarizi mwenyewe kwa uzi wa kijani, maua madogo madogo, kazi ya miezi. Akaniambia, haraka haraka kama mtu anayetema kitu kichungu, kwamba alimwacha binti Mombasa. Binti wa mume wa kwanza. Alimwacha kwa watu wa baba yake akiwa na miaka sita, akamfuata ombasha Nairobi, na alimwahidi mtoto angerudi baada ya Idi.

"Idi gani?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

"Iliyofuata. Sasa ni mwanamke mwenye nyumba. Ana kovu hapa, kifundo cha mkono wa kulia. Mafuta ya mahamri yalimrukia nikiwa naye jikoni. Utamjua. Mpe hizi. Mwambie mama yako anakuomba msamaha. Basi. Atakalojibu niletee, hata akinitukana. Niletee kama alivyolisema."

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Kwa sababu wewe nimekufundisha mimi. Neno nikikupa halitapotea."

Alinielekeza nyumba, mlango kwa mlango, katika Mji wa Kale. Hakutumia sinia.

Nitasema ukweli: ile wiki ilikuwa tamu kuliko wiki zote za maisha yangu. Tulipanga chumba Majengo kwa mama mmoja mpole. Tulivuka daraja la Nyali nimemshika mume wangu shati kwa nyuma, na nilitazama chini ingawa nilikatazwa. Tulipanda feri, tukashuka Likoni, tukapanda tena, kwa furaha tu ya kupanda. Nilitembea juu ya miamba, nikaona samaki wa rangi ya leso. Niliona kila kitu alichoniambia Mwalimu, na kila jioni mume wangu aliniuliza, "Ile amana?" nikamjibu, "Kesho."

Siku ya tano nilikwenda, peke yangu. Nilikuwa nimelificha gurbaba langu, ile nguo yetu ya Kinubi ya kujifunga, tangu siku ya kwanza. Wanawake wa pale walinitazama sana nilipolivaa, basi nikanunua buibui. Nyumba niliipata bila shida. Mlango ulikuwa wa nakshi, na nje barazani wameketi wanawake wawili, mikononi wana hina mbichi. Nadhani kulikuwa na harusi karibu. Wa tatu alitokea ndani kunikaribisha.

"Karibu, dada. Wamtaka nani?"

Kabla sijajibu, mmoja wa wale wawili akauliza, "Watoka wapi? Wasema kama mtu wa bara." Nilikuwa nimesema hodi tu.

"Nairobi."

"Nairobi wapi? Si kule kwa Wanubi wapikao ulevi?" Wakacheka. Si kwa ubaya hasa, ni cheko la watu wenye hina mkononi na siku nzuri mbele yao. Lakini uso wangu uliwaka moto.

"La," nikasema. "Pumwani. Mimi sijui Wanubi."

Hilo ndilo nililolisema. Mama yangu Mnubi, baba yangu Mnubi, aliyenituma yuko Kibra kajifunga leso tatu ananingoja.

Yule aliyenikaribisha akawakemea wenzake. "Mwacheni mgeni." Akanigeukia. "Wamtaka nani, dada?"

"Nimepotea," nikasema. "Natafuta ndia ya kwenda feri."

"Feri ni mbali kwa miguu. Ngoja unywe maji kwanza, jua hili si la kuchezea. Usende mbio. Feri haiondoki ikakosa kurudi." Sauti ilikuwa ya Mwalimu. Ule mtindo wa kuinamisha kichwa anapokuelekeza ulikuwa wa Mwalimu. Aliniletea maji kwenye bilauri, na alipounyosha mkono ukaya aliojitanda ukarudi nyuma, nikaliona kovu, limekunjamana kama karatasi.

Nilikunywa. Kifurushi kilikuwa kwapani mwangu, chini ya buibui. Alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza, akanitazama usoni, akauliza, "Huna neno jingine?" Labda aliuliza tu kama watu wanavyouliza. Nikasema sina. Akanionyesha njia kwa kidole, kona baada ya kona, kwa subira, nami nikaifuata mpaka nikapotea machoni pake, kisha nikaketi chini ya ukuta.

Ningeweza kurudi kesho yake. Nilibaki na siku mbili nzima. Tulizitumia kununua halua.

Zile foronya nilimpa mama aliyetupangisha chumba. Nilimwambia ni zawadi kutoka kwangu, kwa wema wake. Alizisifu sana darizi zile, akaniuliza nilijifunza kwa nani. Mume wangu aliponiuliza kama nimefikisha amana, nikasema nimefikisha. Aliniamini, hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Mwalimu hakungoja niende kwake. Alikuja kwetu siku ile ile tuliporudi, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kwenda kwa mtu. Alikaa kwenye kigoda, mikono imeshikana mapajani.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Kovu?"

"Nimeliona, Mwalimu. Kifundo cha kulia."

Akafumba macho. "Alisemaje?"

Hapa ndipo nilipokuwa na mlango wa mwisho wa kutokea. Ningeweza kusema sikuthubutu. Angenikemea, angepiga mkeka, ingekwisha. Lakini alikuwa amefumba macho namna ile, na mimi nilitaka kumwona anafurahi, na nilitaka nibaki yule ambaye neno kwake halipotei.

"Amesema amekusamehe," nikasema. Nikaona haitoshi. "Amesema uende ukamwone."

Alichukua mkono wangu akaubusu. Mwalimu, aliyebusiwa mkono na wasichana wote wa Makina, aliubusu wangu.

Ndani ya mwezi mmoja alikuwa tayari. Ombasha alinung'unika, akakubali. Mama wa Kawangware alileta viazi vya safari. Nami nilimsindikiza mpaka stesheni, nimembebea kapu, na njia nzima yeye ndiye aliyezungumza. Mara tatu nilifungua kinywa. Mara ya tatu treni ilikuwa imekwishapiga honi. Alinipungia leso dirishani kama msichana.

Alirudi kabla ya juma kwisha.

Nilikaa ndani siku mbili nikingoja kuitwa. Hakuniita. Siku ya tatu nilipita mbele ya baraza, naye yupo anafundisha, akainua kichwa. "Hujambo, mwanangu." Akarudi kwenye kitabu. Hiyo tu. Hakunisema kwa mtu, hakunisema kwangu. Mwanangu wa kwanza alipofikia umri wa kusoma nilimpeleka kwake kwa woga, na alimpokea, akamfundisha vizuri kuliko wengine. Ila sinia haikutoka tena. Mtu akija na safari ya Mombasa alimwambia, "Waulize wengine. Mimi nimesahau." Watu walisema uzee umemshika. Nami nilikuwa nikiitikia, "Ndiyo, uzee."

Ombasha alipofariki, nyumba ilichukuliwa na mwanawe wa mke wa kwanza. Mwalimu hakuwa na mtoto naye. Kibra tulisikitika, kila mtu kwa wakati wake, na hakuna aliyempa chumba. Mimi nilikuwa na chumba. Nilisema mume wangu hatapenda, na sikuwa nimemwuliza. Aliyekuja kumchukua ni mama wa Kawangware, na kapu lake, na shemeji yake wa kubeba sanduku.

Miaka ikapita, ile ya hali ya hatari, ambapo mtu hakutembea bila karatasi na watu wa Kawangware walipata shida kubwa kuliko yetu. Ilipoanza kulegea nikafunga safari. Nilivuka barabara ya Ngong, nikapanda mpaka Kawangware kwa miguu, na njiani nilikuwa nikiyapanga maneno yangu.

Nilimkuta Mwalimu ameketi juani nje ya nyumba ya mabati, anamenya mbaazi pamoja na mwenyeji wake. Alikuwa amekonda. Mama wa Kawangware alinitazama, akainuka, akasema anakwenda kumtazama ng'ombe. Nadhani alijua kila kitu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi siku ile Mombasa sikusema neno lako."

"Najua."

"Niliona haya kusema natoka Kibra."

"Hilo pia najua. Binti yangu alikukumbuka. Alisema alikuja mwanamke wa bara, akasema hajui Wanubi, akanywa maji, akamwangalia kama ana neno, akaondoka." Aliendelea kumenya. "Mimi niliingia pale kwa furaha, mwanangu. Nilimwambia, nashukuru umenisamehe. Mbele ya watu. Akaniuliza, nimekusamehe lini?"

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha.

"Hakunifukuza," akasema. "Ana adabu kupita kiasi. Alinipa kitanda. Asubuhi akaniuliza kama ningependa kutembezwa. Akanipeleka darajani, akanipeleka feri, akanionyesha Ngomeni, akanieleza huu ni ukuta wa zamani, hapa ni Marikiti, usinunue kwa wa kwanza. Mimi! Nimezaliwa hatua mia mbili kutoka pale. Kila kitu anachoonyeshwa mgeni alinionyesha. Siku ya nne akanunua halua, akanisindikiza stesheni. Hakuniita mama hata mara moja."

Nikapiga magoti kwenye maganda. "Nisamehe, Mwalimu."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Kama ungefika kwake na neno langu kabla yangu, pengine angelikataa. Pengine angelitupa. Lakini angepata siku za kulifikiria. Wewe ulimnyima yeye hizo siku, si mimi peke yangu." Akapangusa mikono. "Mimi nimekusamehe tangu zamani. Sasa nenda kamwambie yeye. Mwambie wewe ndiye uliyekunywa maji. Mwambie mama yake alimtumia neno, na mkono uliolibeba ndio ulioliangusha. Nyumba unaijua. Utakwenda?"

"Nitakwenda," nikasema.

"Inshallah," akasema, kwa namna ambayo nilijua ameshanipima.

Alizikwa mwaka uliofuata, makaburini kwetu Kibra. Mama wa Kawangware alilia kuliko sisi wote. Tangu hapo nimefika Mombasa mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na mume wangu, mara ya pili na wanangu, mara ya tatu kwa harusi ya mtu wa reli. Nimevuka daraja, nimepanda feri, nimewaonyesha wanangu miamba maji yakipwa. Nimeijua Mombasa mpaka watu wa Makina sasa wananiuliza mimi pa kwenda. Ule mtaa sijaukanyaga. Kila mara nilisema kesho, na kila mara siku ziliisha, na wanaotoka huko wameniambia binti yule bado yu hai.

Sijakwenda.